Kilichoandikwa Nyuma ya Mfuko wa Mkate

Miongoni mwa vyakula vilivyopata heshima kubwa katika maduka ya Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala siku hizi, mkate wa nafaka mchanganyiko umeshika nafasi ya mbele, nao hununuliwa hasa na watu wenye sababu: mama aliyeambiwa na tabibu kwamba sukari imepanda katika damu yake, mzee anayetaabika kwa kufunga choo, na wazazi wanaotamani watoto wao waende shule wakiwa wamekula kitu chenye siha kuliko boflo jeupe la kila siku. Watu hawa hulipa ziada, na aghalabu huitoa katika masurufu madogo, kwa kuwa wameamini kwamba ule wekundu wa mkate, na zile mbegu zilizotawanywa juu yake, na ile picha ya masuke iliyochapwa kwenye mfuko, ni shahada ya kwamba ndani mna nafaka iliyo kamili. Kwa ajili yao nimeandika makala haya, maana mtu anayetoa fedha yake kwa ajili ya afya ana haki ya kujua alichokinunua, na njia ya kukijua ipo, imechapwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma wa mfuko, mahali ambapo jicho la mnunuzi mwenye haraka halifiki.

Maneno ya mbele ya mfuko ni kama maneno ya mshenga, ambaye kazi yake ni kusifu, wala hapana mtu mwenye akili anayemlaumu kwa kusifu, bali mwenye binti hupeleleza upande mwingine kabla ya kutoa jawabu. Mtengenezaji akiandika kwamba mkate wake una nafaka saba, yamkini amesema kweli tupu, kwa kuwa nafaka saba zimo; lakini hakusema zimo kwa kiasi gani, wala hakusema kama zimesagwa pamoja na pumba zake au zimevuliwa pumba kwanza, na mambo hayo mawili ndiyo yanayomhusu mgonjwa wa kisukari na mzee wa tumbo kuliko hesabu ya nafaka. Wingi wa nafaka na ukamilifu wa nafaka ni vitu mbalimbali. Mkate uliofanywa kwa ngano peke yake, lakini ngano nzima, unaweza kuwa na faida mara mbili au tatu kuliko mkate wa nafaka kumi na mbili zilizonyunyizwa juu ya unga mweupe.

Ili jambo hili liwe bayana, yafaa kuitazama punje ya ngano yenyewe. Nje ina magamba ya pumba, ambayo ni kadiri ya asilimia 14 ya uzito wake. Ndani, pembeni, imo sehemu ndogo ambayo ndiyo mche wa kesho, nayo haifiki hata asilimia 3. Na kilichobaki, ambacho ni zaidi ya asilimia 80, ni wanga mweupe uliowekwa na Muumba kuwa chakula cha mche huo utakapochipua. Nyuzinyuzi karibu zote, na sehemu kubwa ya madini na vitamini, zimo katika pumba na katika ule mche. Na kinu cha kisasa cha magurudumu ya chuma, kilichoenea Ulaya na Marekani katika miaka ya 1870 na 1880, kilipewa sifa kwa sababu kiliweza kuzitenga sehemu hizo kwa wepesi usiojulikana zamani, kikatoa unga mweupe, laini, usioharibika upesi. Wakubwa na wadogo wakaufurahia, kwa kuwa unga mweupe kabla ya hapo ulikuwa chakula cha matajiri.

Hasara ya kukoboa nafaka kupita kiasi ilijulikana mbali na Ulaya. Katika miaka ya 1890, huko Java, tabibu wa Kiholanzi aitwaye Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu na kupooza, kama walivyopooza watu wenye maradhi ya beriberi, na waliporudishiwa mchele usiokobolewa wakapona. Ilichukua muda kwa wataalamu kufahamu kwamba kilichokosekana ni kitu kidogo kilichokuwa katika ganda, ambacho leo twakiita vitamini B1, na mwaka 1929 Eijkman alipewa tuzo ya Nobel. Kutokana na maarifa ya namna hiyo, serikali nyingi ziliamuru unga mweupe urudishiwe baadhi ya vitu vilivyoondolewa. Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi katika unga mwaka 2011, na Kenya ikaufanya urutubishaji wa unga wa ngano na wa mahindi kuwa lazima mwaka 2012.

Hili ni jambo la kheri, nami nalisema bila kusita, kwa maana madini ya chuma huzuia upungufu wa damu, na asidi ya foliki huwakinga watoto walio matumboni na ulemavu wa uti wa mgongo. Lakini msomaji asidanganyike akadhani kwamba unga uliorutubishwa ni unga mzima. Pumba hazikurudi. Nyuzinyuzi hazikurudi. Kwa hiyo akiona katika orodha maneno «enriched wheat flour» au «fortified wheat flour», au «wheat flour» peke yake, na ajue kwamba huo ni unga mweupe, hata kama mkate wenyewe una rangi ya kahawia iliyokolea. Na unga mzima wa ngano hujitambulisha kwa jina lake, ama «whole wheat flour» kama waandikavyo Wamarekani, ama «wholemeal» kama waandikavyo Waingereza na wengi wa Afrika Mashariki.

Haja ya kumsimamia mwokaji haikuanza jana. Katika miji ya Kiislamu ya zama za kati alikuwapo muhtasibu, afisa wa sokoni aliyepewa mamlaka ya kupima mizani na kukagua vyakula, na katika karne ya 12 mwanachuoni wa Sham, al-Shayzari, aliandika kitabu cha kuwaongoza maafisa hao, akawatengea waokaji sura yao. Uingereza nayo, chini ya Mfalme Henry III, ilikuwa na sharia ya mkate na pombe ambayo kwa kawaida husemwa kuwa ni ya mwaka 1266, iliyofunga uzito wa mkate na bei ya ngano. Na mwaka 1820 mkemia Frederick Accum alitoa London kitabu kilichofichua, pamoja na ghushi nyingine nyingi, kwamba waokaji walitia shabu katika unga ili mkate uonekane mweupe. Naona ajabu kubwa katika mageuzi ya tamaa za watu: zamani hila ilitumika kuufanya mkate mbaya uwe mweupe, na leo, kwa kuwa wanunuzi wamejifunza kuuogopa weupe, mkate mweupe hutiwa rangi uwe mwekundu.

Sharia za leo zimemwachia mnunuzi sehemu ya kazi ya muhtasibu. Mwaka 1985 tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani, ilipitisha kanuni ya lebo za vyakula vilivyofungashwa, na nchi nyingi zimejenga kanuni zao juu ya msingi huo, ikiwamo Jumuiya ya Afrika Mashariki katika kiwango chake kiitwacho EAS 38. Kiini cha kanuni hiyo ni chepesi kukumbuka: viambato hutajwa kwa kufuata uzito wake wakati wa kutiwa katika kinyunga, kilicho kizito kuliko vyote kikitangulia, na kilicho chepesi kuliko vyote kikija mwisho. Kwa hiyo neno la kwanza katika orodha lina uzito kuliko picha zote za mbele. Likiwa ni unga mzima wa ngano, mnunuzi ana sababu ya kuendelea kusoma kwa matumaini. Likiwa ni unga wa ngano usio na sifa nyingine, basi mkate huo kwa asili yake ni mkate mweupe, na swali lililobaki ni kiasi gani cha vitu vingine kilichoongezwa.

Swali hilo laweza kujibiwa kwa msaada wa chumvi, na hapa namwomba msomaji asimame nami kidogo, maana katika yote ninayoyaandika hili ndilo lenye faida kuliko mengine. Mwokaji hawezi kutia chumvi apendavyo: ikizidi, mkate hauliki na hamira hudhoofika, na ikipungua sana, mkate huwa chapwa na kinyunga hulegea, kwa hiyo kaida ya waokaji ulimwenguni ni kutia chumvi isiyozidi sana sehemu 2 kwa kila sehemu 100 za unga. Maadamu viambato hufuatana kwa uzito, kila nafaka iliyotajwa baada ya chumvi haiwezi kuwa nzito kuliko chumvi. Tuseme orodha inasoma hivi: unga wa ngano uliorutubishwa, maji, sukari, mafuta ya mimea, gluteni ya ngano, hamira, mbegu za alizeti, chumvi, oti, mbegu za kitani, ufuta, wimbi, mtama, kisha rangi na vihifadhi. Nafaka na mbegu ni nyingi, na mbele ya mfuko zimeimbwa zote. Lakini isipokuwa ngano na alizeti, zote zimekaa nyuma ya chumvi.

Sasa msomaji aitazame jedwali ya lishe iliyo kando ya orodha. Ikiwa imeandikwa chumvi, hapana hesabu. Ikiwa imeandikwa sodiamu, aizidishe mara mbili na nusu, apate chumvi. Miligramu 450 za sodiamu katika gramu 100 za mkate ni kadiri ya gramu 1.1 za chumvi, na katika mkate wa gramu 400 ni gramu 4.5. Basi oti haizidi gramu 4.5 katika mkate mzima, na kitani haizidi hapo, na ufuta vivyo hivyo, na wimbi, na mtama. Na mkate huo ukikatwa vipande kumi na viwili, kila kipande kinapata mtama usiofika nusu gramu, kiasi ambacho mtu hawezi kukionja, seuze kumponya maradhi. Wasomaji wetu walioko Uingereza, Ulaya na Marekani wazingatie kwamba huko sharia huruhusu vitu visivyozidi asilimia 2 vipangwe mwishoni bila kufuata uzito, na katika mifuko ya Marekani huandikwa wazi kwamba kila kimoja ni asilimia 2 au chini. Hata hivyo hesabu haibadiliki sana, kwa kuwa asilimia 2 ya mkate wa gramu 400 ni gramu 8 tu.

Kanuni ya Codex imeongeza kinga nyingine, kwamba kiambato kinachotiliwa mkazo kwa maneno au kwa picha kitajwe kiasi chake kwa asilimia, na Waingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huifuata. Mfuko unaotangaza oti kwa herufi kubwa, kisha nyuma ukaandika oti asilimia 3, umetenda haki, kwa sababu umemwachia mnunuzi hukumu. Laiti wasimamizi wa viwango katika nchi zetu wangelisisitiza jambo hili bila huruma, na pamoja nalo wakadai orodha iandikwe pia kwa Kiswahili, maana bibi anayenunua mkate Tanga au Malindi ana tumbo lile lile na maradhi yale yale na msomi wa Kiingereza, naye amenyimwa ushahidi anaoulipia.

Ni insafu pia kumtetea mwokaji. Mkate unaoumuka unahitaji gluteni, ule mnato unaofanya kinyunga kivutike na kuzuia hewa ya hamira, nao umo katika ngano kuliko nafaka nyingine yoyote. Mtama, uwele, wimbi, mahindi na mchele hazina gluteni inayoweza kuushika mkate. Ndiyo sababu watu wa pwani, walioujua mtama na uwele kabla ya boflo kuletwa, hawakuoka mikate mirefu yenye mapovu, bali mkate wa mofa, mnene na mzito, uokwao katika mofa ya udongo bila kudai kuumuka. Mwokaji wa leo anayetaka mkate laini na mrefu wenye mtama mwingi hana budi kuongeza gluteni ya ngano iliyotengwa, na hata hivyo kuna mpaka asioweza kuuvuka. Kwa hiyo simlaumu kwa kutia ngano nyingi. Namlaumu akitia ngano iliyokobolewa, kisha akajificha nyuma ya mbegu.

Rangi si ushahidi hata kidogo. Karameli, inayoandikwa E150 na herufi moja baada yake, pamoja na molasi na kimea kilichokaangwa, huweza kuugeuza unga mweupe ukawa wa kahawia kwa gharama ndogo, na wala si sumu kwa kiasi hicho. Ila jicho limehadaiwa. Sukari nayo ina njia yake ya kujificha, kwa kugawanywa katika majina: sukari, shira ya glukosi, asali, molasi, dondoo ya kimea, kila moja ikitajwa peke yake na kila moja ikishuka chini katika orodha, ilhali zikijumlishwa zingepanda juu karibu na unga. Dawa yake ni jedwali ya lishe, ambako sukari zote hujumlishwa pamoja. Mwenye kisukari aangalie hapo kwanza.

Jedwali hiyo hiyo inatoa kipimo kingine, kilichochunguzwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard na kuchapishwa mwaka 2013: chukua gramu za wanga wote, ugawanye kwa gramu za nyuzinyuzi, na jawabu likiwa 10 au chini, bidhaa hiyo yaelekea kuwa na nafaka nzima kwa kiasi cha kutosha. Mkate wenye wanga gramu 48 na nyuzinyuzi gramu 2.5 unatoa 19, na hapo jina la nafaka nyingi halina la kuusaidia. Wenye wanga gramu 42 na nyuzinyuzi gramu 7 unatoa 6. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 kwamba mtu mzima apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku, na vipande viwili vya mkate huo wa pili, vyenye gramu 80 hivi, huleta kadiri ya gramu 5 na nusu, ilhali vipande viwili vya ule wa kwanza huleta gramu 2. Mnunuzi asome tu kama nyuzinyuzi hizo zimetoka katika nafaka, au zimeongezwa kwa jina la inulini au selulosi, ambazo huipandisha hesabu bila kuleta madini na vitamini vya pumba.

Kuhusu namba za E, hofu iliyoenea imezidi mipaka. E300 ni vitamini C, inayotiwa kuimarisha kinyunga. E282 ni propionati ya kalsiamu, inayozuia kuvu, na katika joto na unyevu wa pwani mkate usio nayo hupata ukungu upesi. E471 na E481 huufanya mkate ubaki laini. Vingi vya viungio hivi vilienea baada ya mwaka 1961, wakati watafiti wa Chorleywood, Uingereza, walipovumbua njia ya kukanda kwa nguvu na kasi ili kufupisha saa za kuumuka. Kilicho na haki ya kuogopwa ni bromati ya potasiamu, E924, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka miongoni mwa vitu vinavyoweza kumletea mwanadamu saratani. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1990, Kanada ikafuata, na California imepitisha sharia ya kuizuia kuanzia mwaka 2027, ingawa kwingineko Marekani bado mtu huweza kuikuta katika orodha.

Kwa mwenye mzio, mkate wa nafaka mchanganyiko ni hatari kuliko boflo la kawaida, kwa kuwa ufuta, soya na maziwa ya unga huingia humo kwa wepesi. Marekani iliufanya ufuta kuwa mzio unaolazimika kutajwa kuanzia Januari 2023, na baadhi ya waokaji, kuliko kubeba gharama ya kusafisha mitambo isiache hata chembe, waliamua kuutia kwa makusudi katika mikate ambayo zamani haikuwa nao, kisha wakautaja katika orodha. Aliyekuwa akinunua mkate ule ule kwa miaka asiache kuusoma upya.

Imebaki mikate inayookwa ndani ya duka lenyewe au katika tanuri ya mtaani, inayotiwa katika mfuko mtupu usio na orodha wala jedwali. Hapo mnunuzi amuulize mwokaji ana kwa ana, kwa adabu na bila haya: katika kila kilo kumi za unga, bwana, unatia kilo ngapi za unga wa ngano nzima, na ngapi za mtama au wimbi? Jawabu analo, kwa sababu waokaji hupima kila kitu kwa kulinganisha na uzito wa unga, na asiyejua kiasi cha unga wake hawezi kuoka mikate miwili iliyofanana. Akisema nusu kwa nusu, huo ni mkate wa kununuliwa. Na akisema kwamba anatia kikombe cha mbegu juu kabla ya kuingiza tanurini, basi bei yake na iwe bei ya boflo jeupe pamoja na kikombe cha mbegu.